Mama Mkwe Majini

Kwa miezi minane waliishi nyumba moja, na katika miezi yote hiyo Stany hakumwona mama mkwe wake akila hata tonge moja, wala Mama Fidélie hakumwona mkwe wake bila shati. Usidhani ilikuwa rahisi. Nyumba yenyewe, kule Kanina mjini Kolwezi, ilikuwa na vyumba viwili na choo kimoja cha nyuma, na njia ya chooni ilipita mbele ya jiko alipokuwa akishinda mama huyo.

Kwa hiyo kila asubuhi Stany alikohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Alikuwa anasema: mama, napita. Mama Fidélie aligeuza mgongo, akashusha kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi, akaendelea kupepea makaa mpaka mtu apite, aende, arudi, afunge mlango. Wakiwa na neno la kuambiana, kama lile la bukari, ule ugali wa kwao, walimtuma Jémima, mjukuu wa miaka saba aliyemwita bibi yake kambo, hata kama walikuwa wametengana kwa hatua tatu.

"Jémima, ambia papa yako bukari iko tayari."

"Papa, kambo anasema bukari iko tayari."

"Ambia kambo aksanti."

Kwa Waluba wa kaskazini ya Katanga jambo hilo linaitwa bukwe. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake, hali naye, hamgusi, na mama naye hivyo hivyo. Watu wa nje hudhani wamegombana, kumbe ni heshima, tena ile kubwa kuliko zote. Siku hizi vijana wanaicheka. Mama Fidélie hakuicheka hata kidogo. Kiwanja chake kilikuwa kimemezwa na mgodi, bulduza likasukuma nyumba kabla hajamaliza kutoa sufuria zake, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa anayelala kwa mkwe hana tena cha kuringia mbele ya watu. Alibakiwa na heshima ile ya Stany, na aliilinda kuliko alivyolinda tumbo lake.

Kazi ya Stany ilikuwa ziwani Nzilo, kwenye parc ya Leta, bustani ya serikali ya watu kustarehe, iliyoitwa Kamalenge, chini ya vilima. Alikaa juu ya kiti kirefu cha mbao, fulana ya rangi ya chungwa mwilini na kipenga shingoni, akiangalia wanaoogelea wasizame. Alilipwa kwa siku. Mvua ikinyesha, hakuna kitu. Miaka miwili mizima Directeur Tshimanga, mkubwa wa parc, alikuwa akimwambia kontra, ule mkataba wa kazi ya kudumu, inakuja, na miaka miwili kontra hiyo ilikuwa bado iko njiani.

*

Mwezi wa tisa, joto lilipoanza na vilima vikiwa vyeusi kwa moto wa majani makavu, wamama wa parokia walikodi kamyo kwenda kutembea ziwani baada ya misa. Mama Fidélie alikataa. Mignonne, binti yake, ndiye aliyemsukuma.

"Mama, tangu ukuye hapa haujatoka. Unakaa paka ku jiko tu."

"Bwana yako atakuwa kule."

"Lac ni kubwa. Ye atakuwa ku mayi, we utakuwa ku payote na wamama benzako. Hamutakutana."

Akaenda basi. Alivaa kitenge chake kimoja kizima, kile cha Pasaka, akamshika Jémima mkono.

Nani asiyependa ziwa siku kama hiyo? Wachimbaji vijana waliouza kobalti ya wiki walikodi mitumbwi ya kukanyaga kwa miguu wakazunguka wakipiga kelele. Nyama ilichomwa kila upande. Wasichana walisimama kwa zamu mahali ambapo kilima na maji vingeingia pamoja katika foto. Mama Fidélie alitafuta payote ya nyuma kabisa, kibanda cha nyasi kisicho na kuta, akakaa akiwa ameyapa maji mgongo, maana mkwe wake alikuwa kule amevaa kaptula fupi, na hilo si jambo la kuona. Alikaa ziwani saa mbili bila kuona ziwa. Wenzake walimtania wakachoka.

Kulikuwa na ponton pale, mbao zilizofungwa juu ya mapipa ya bluu, zikiingia majini kama mita ishirini. Kibao kilisema watu kumi tu. Saa tisa ya mchana walikuwa wamepanda arobaini, kwaya nzima na watoto, kwa ajili ya foto. Mama Fidélie alimtafuta Jémima pembeni yake, hakumwona. Akageuka. Kitambaa cheupe cha mtoto kilikuwa kule mwisho kabisa, ukingoni.

Akasahau bukwe, akasahau kaptula, akakimbia. Alifika, akapenya kati ya mtu huyu na yule, akamkamata mtoto mkono na kumsukuma nyuma kwenye mikono ya mama mmoja wa kwaya. Mpiga foto alikuwa upande wa kushoto. Akasema wasogee kwake. Wote wakasogea, na mapipa ya upande wa kulia yakatoka majini. Waliokuwa katikati walishikana. Wengine walianguka upande wa kina kifupi, wakasimama wakicheka, maji kiunoni. Mama Fidélie, aliyekuwa mwisho kabisa, alianguka peke yake penye kina kirefu.

Kitenge kilikunywa maji kikamvuta. Naye alikunywa. Juu yake, kupitia maji ya kahawia, aliona rangi ya chungwa inakuja. Waokoaji, wale wanaoitwa sauveteur, walikuwa wawili siku hiyo, wote wenye fulana ya namna moja. Mama Fidélie, akiwa anakufa, alimwomba Mungu anayekuja awe yule mwingine.

Alipozinduka alikuwa mchangani, mdomo wa mtu juu ya mdomo wake, unampulizia. Akatapika maji. Akafungua macho, akaona sura ambayo kwa miaka tisa ya ndoa ya binti yake hakuwahi kuiona karibu namna ile, akajua kwamba Stany ana kovu dogo juu ya jicho. Kisha akasikia upepo kwenye mapaja yake. Kitenge kilikuwa kimebaki ziwani. Watu walikuwa wamewazunguka duara tatu, na simu zote zimeinuliwa.

Kabla ya kuvuta hewa ya pili, alivuta mkono wake chini kujifunika. Stany aliruka kama aliyeungua, akageuza mgongo, akavua fulana na kuitupa nyuma bila kuangalia inapoangukia. Akakaa hapo mchangani, mikono kichwani, akalia mbele ya kila mtu. Wapo waliocheka.

*

Stany hakurudi nyumbani siku tatu. Alilala kwa rafiki. Lakini video ilifika kabla ya giza la Jumapili ile ile, na Jumatatu asubuhi ilikuwa katika kila simu ya Kanina. Mignonne aliificha simu yake. Haikusaidia kitu, kwa sababu bombani wanawake walikuwa na video hiyo.

Mama Fidélie alipofika na ndoo zake, mazungumzo yalikatika. Akaweka ndoo kwenye mstari. Jirani mmoja akashindwa kujizuia.

"Mama Fidélie, mukwe yako eko na mudomo tamu?"

Bomba zima likaangua kicheko. Mwingine, labda kwa huruma, labda kwa uchokozi, akamwekea simu mbele ya macho. Hapo ndipo alipoona alichokuwa hajui. Alijiona anaanguka. Alimwona Stany anasimama kwenye kiti chake kirefu, anamtambua, halafu anageuza uso na kufunika macho kwa mkono, kama alivyofanya kila asubuhi uani. Alisimama hivyo muda wa pumzi tatu. Kisha ndipo akaruka. Sauti ya mtu kwenye video ilikuwa inauliza, huyu sauveteur ana wazimu?

Wengine waliona wazimu hapo. Mama Fidélie aliona kitu kingine. Aliona kwamba hata katika saa ile mkwe wake alimheshimu kwanza, na akalia njia nzima kwa upendo, ndoo ikimwagikia mgongoni.

Jioni alimpigia simu kaka yake mkubwa, Mzee Mbayo wa Lubudi, aliyemwita Yaya. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, mwenye kusema hili ni safi na hili si safi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile ilikuwa lufu," alisema, akimaanisha kifo. "Lufu inakuya, mutu anakamata mutu anamutosha. Hapana makosa ya mutu pale. Mukwe yako atafute mbuzi mweupe. Mi nitakuya na pemba, ule udongo mweupe, Siku ya Posho ya wiki inakuya. Nitabapaka, mutashikilia kitambaa cheupe, na bukwe yenu itarudia vile ilikuwa. Mpaka ile siku musigusane, musiangaliane."

"Itarudia kweli, Yaya?"

"Itarudia. Hauko wa kwanza kutoshewa mu mayi na mukwe."

Siku ya Jumatano Stany alirudi. Alikohoa mara mbili nje ya lango, na Mama Fidélie akageuza mgongo akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

*

Jumanne iliyofuata gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba. Directeur Tshimanga alishuka na katoni ya soda, akakaribishwa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo. Mama Fidélie alikaa mkekani. Stany alibaki nje, ameegemea ukuta, uso barabarani.

"Mama, pole ya bile bilipita," Directeur alianza. "Tunashukuru Mungu uko muzima. Na ile vidéo yako, mama, bantu banaiona mpaka Lubumbashi. Hii Siku ya Mungu tuliuza tikiti kupita Noeli. Lakini iko na kashida kamoja."

Directeur alifungua soda moja, akamsogezea mama.

"Stany anageuka. Mutu iko anazama, sauveteur anafunga macho. Bageni banauliza, hii parc iko na usalama gani?"

"Aligeuka juu eko mukwe yangu."

"Najua, mama. Kwetu ku Kasai iko vile vile. Mi mwenyewe sijaangaliaka mama ya bibi yangu ku macho." Alisema kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulikuwa mbaya. "Lakini muntu wa Kinshasa anajua? Muchina anajua? Tunataka kuipiga tena, na kamera ya kweli. Unaanguka, Stany anaruka mbio, hageuke, anakutosha, anakupulizia, unafungua macho, unacheka kidogo. Dakika tano. Tutaiweka ku réseaux yote, ku simu ya kila mutu. Na ile siku ile ile, mi nasini kontra yake."

"Tafuta mwanamuke mwingine, Tata. Banamuke beko bengi."

"Bantu banakujua we. Sura yako njo banatafuta."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, akaikunjua. Jina la Stany lilikuwa limeandikwa kwa mashine, na chini palikuwa na nafasi tupu ya saini mbili. Mignonne alisogea akaisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

Mama Fidélie akamwita mjukuu. "Jémima, enda uliza papa yako anasema nini."

Mtoto alitoka. Wote walisikia akiuliza. Pikipiki mbili zilipita barabarani, kisha mtoto akarudi.

"Papa anasema, kama kambo anakubali."

Nawauliza, hilo ni jibu gani? Mwanamume alikuwa na neno moja tu la kusema, hapana, na mambo yote yangeishia hapo. Alilitupa mapajani mwa mama mkwe wake, akabaki akiangalia barabara.

*

Directeur alipoondoka, Mignonne alikaa kwenye kile kiti chenye mgongo.

"Mama, mara moja ilisha kupita. Bantu bote banaona. Nini inabakia ya kuficha?"

"Yaya Mbayo alisema tusigusane mpaka Siku ya Posho."

"Yaya Mbayo njo atanizalisha? Ku maternité ya bantu ba Leta banapokea paka bibi ya mutu wa kontra tu. Mi nitazala wapi, mama? Hapa ku mukeka?"

"Mignonne."

"Unakula hapa. Miezi munane. Sijakuambia kitu."

Hakupaza sauti, na hakumtazama mama yake aliposema hivyo. Mama Fidélie aliondoka akaenda jikoni, akachagua maharage ambayo yalikuwa yameshachaguliwa.

Hapo ndipo alipopata wazo lake, na maskini, aliliona zuri. Mbuzi anakuja Jumamosi, hiyo Siku ya Posho. Pemba inakuja Jumamosi. Kama filamu itapigwa Alhamisi, basi Jumamosi mzee atasafisha yote mawili kwa pamoja, la kwanza na la pili, kama unavyofua nguo mbili katika beseni moja. Kontra itasainiwa, mtoto atazaliwa kwenye kitanda, na Jumapili asubuhi mkwe wake atakohoa uani kama zamani. Hakumpigia simu Mbayo kumuuliza. Aliogopa jibu, na alijiambia kwamba hakuwa na makuta ya simu.

*

Alhamisi walifunga kwa kamba upande mmoja wa ufuo ili watu wasiingie. Mpiga filamu alikuwa ametoka mjini na kamera juu ya miguu mitatu. Wafanyakazi wote wa parc walikuwepo, kwa sababu Directeur alisema watakaa nyuma wafanye umati. Shekina, msichana wa tikiti, ndiye aliyepewa kazi ya kumvalisha mama.

"Kitenge usifunge nguvu," Directeur alisema. "Kifunge vile kinaweza kutoka."

"Tata Directeur, kitatoka kweli," Mama Fidélie alisema.

"Njo vile tunataka. Ndani uko na jupon, hapana?"

Walikuwa wamemwahidi jiletiki, ile fulana nene ya kuelea. Mpiga filamu akasema inaonekana chini ya nguo. Wakaivua. Wakamfunga kamba kiunoni, mtu mmoja akaishika chini ya ponton.

Mara ya kwanza alijitupa majini, maji yakamfika puani, hofu yote ya ile Jumapili ikarudi mwilini mwake. Kwenye kiti kirefu Stany alisimama, akamwona, akageuza uso.

"Simama," Directeur alisema. "Stany, unafanya nini?"

Walimvuta mama kwa kamba. Wakamkausha nywele kwa taulo. Akajitupa tena. Stany akageuza uso tena, na safari hii mkono ulipanda wenyewe ukafunika macho. Umati wa wafanyakazi ulicheka. Directeur hakucheka. Alikwenda mpaka chini ya kiti, akatoa karatasi mfukoni, akaishika juu ili Stany aione, kisha akairudisha mfukoni bila neno.

Mara ya tatu Mama Fidélie alianguka vibaya. Mguu ulijikunja kwenye kamba, akaenda chini, akarudi juu akipapasa. Akatafuta kile kiti kwa macho. Stany alikuwa anamtazama. Alimtazama usoni moja kwa moja, macho makavu kama mtu anayepima umbali, akaruka. Alikuja mbio, akamkamata chini ya matiti kama alivyofundishwa, akamtoa, akamlaza, akaweka mdomo. Hakutetemeka hata kidogo. Mama Fidélie alihisi kwamba mikono ile ilikuwa na kazi ya kumaliza, basi, na hilo ndilo lililomvunja. Alilia wazi wazi, mdomo wazi, kamasi zikitoka.

"Cheka kidogo, mama," Directeur alisema. "Umepona. Furahi."

Hakuweza. Wakajaribu mchangani tu, bila maji, mara mbili zaidi. Mdomo mara mbili zaidi. Kila akifungua macho machozi yalitangulia.

Directeur na mpiga filamu walinong'onezana kwenye kioo cha kamera.

"Haiwezekane," mpiga filamu alisema. "Anafanana mutu wa matanga. Mutu akiona hii hakuye ku lac."

Directeur alitazama huku na huku, macho yake yakaangukia kwa Shekina. Msichana alikuwa na maillot nyekundu ndani ya nguo zake, kwa sababu huogelea baada ya kazi. Alivua gauni, akacheka, akajitupa. Stany akaruka. Akamtoa mikononi, maji yakimeremeta juu ya mabega ya wote wawili, kilima nyuma yao. Shekina akafungua macho, akacheka, akamshika shingo. Mara moja tu. Watu walipiga makofi.

Mama Fidélie aliyaona hayo yote kutoka mchangani, amefunikwa taulo la parc, kamba bado kiunoni. Hakuna aliyekumbuka kuifungua. Kontra ilisainiwa juu ya boneti ya gari jeupe, saa tisa na nusu, na Shekina ndiye aliyeazimisha kalamu yake.

*

Mzee Mbayo alifika Jumamosi na treni ya asubuhi, pemba imefungwa katika jani, kitambaa cheupe chini ya kwapa. Mbuzi mweupe alikuwa amefungwa uani. Mzee aliwakalisha wawili hao wakipeana migongo, Mignonne katikati, Jémima mlangoni. Akamimina maji kidogo chini, akawaita wafu kwa majina yao. Kisha akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe, na lazima lijibiwe kweli.

"Tangu ile siku ya lufu, muligusana tena?"

Mignonne alimkazia mama yake macho. Kusema uongo mbele ya pemba ni kumwita mtoto aliye tumboni afe. Mama Fidélie alijua hivyo, na binti yake alijua, hata kama hakutaka kujua.

"Tuligusana," alisema. "Juzi, Siku ya ine. Mara tatu."

"Lufu ilikuya tena?"

"Hapana, Yaya. Ilikuwa vidéo. Juu ya kontra. Nilisema utatusafisha mara moja, yote pamoja."

Mzee alikuwa amechoka kwa safari, na alimpenda dada yake. Akakunja jani juu ya pemba, akalifunga uzi.

"Mara ya kwanza lufu njo ilibatuma, na lufu mi naweza kusema nayo. Mara ya pili kazi njo ilibatuma. Muulize kazi ibasafishe."

"Yaya, nakuomba."

"Sikatae juu ya kukuazibu, Fidélie. Hii pemba haina kitu itafanya. Mulifungua mulango benyewe, na mikono yenu. Katikati yenu hapana tena bukwe. Muko bantu tu, mwanaume na mwanamuke yenye beko ku nyumba moja."

Alikunywa maji, akakataa chakula, akarudi stesheni kusubiri treni ya kurudi. Kitambaa cheupe aliondoka nacho. Mbuzi alibaki, na Jumapili Stany aliwaalika wenzake wa ziwani, wakamla kwa ajili ya kontra. Mama Fidélie ndiye aliyempika. Mkwe wake alikuja mwenyewe jikoni kuonja chumvi.

*

Hakuna aliyemfukuza. Wala yeye hakuwa na pa kwenda. Mbayo mwenyewe alilala kwa watoto wake huko Lubudi.

Wiki ya kwanza Stany alijaribu bado kukohoa, lakini kikohozi kilikuwa kimoja, halafu kikawa cha kusafisha koo tu, halafu kikaisha. Alipita. Siku moja alipita kwenda kuoga akiwa amejifunga taulo, na Mama Fidélie, aliyekuwa bado anageuza mgongo, alijikuta amegeuza mgongo peke yake. Stany alimwambia neno la kwanza bila Jémima: chumvi iko wapi. La pili lilikuwa kwamba makaa yanaisha upesi sana. Hakuwa na ubaya, jamani. Alisema naye kama anavyosema mtu na mwanamke yeyote anayefanya kazi uani. Filamu ya Shekina ilikuwa inapendwa, picha yake na Stany ilibandikwa kwenye lango la Kamalenge, na Stany alirudi nyumbani akiwa amechoka, mtu wa kontra, mwenye njaa.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, Mignonne akiwa mwezi wa nane na miguu imevimba, Mama Fidélie alikuwa anafua nguo za mtoto uani. Stany alitoka chumbani amevaa bukta kavu. Mkononi alikuwa na ile aliyovua sasa hivi, kaptula fupi ya kuogelea, na chupi ndani yake.

"Mama, ufue na hii," alisema. "Kesho saa kumi na mbili naikamata."

Aliitupa mapajani mwake. Ilikuwa na mchanga wa ziwa, na bado ina joto la mwili. Mignonne, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliinua macho kutoka kwenye simu. Mama na binti walitazamana. Jambo hilo, mama mkwe kufua nguo ya ndani ya mkwe, lina jina katika Kiluba, na ni jina ambalo mtu halitamki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona likitendeka. Mignonne alifungua mdomo.

"Mama," alisema, "usiikamue nguvu, lastiki itaharibika."

Mama Fidélie aliichukua kwa mikono miwili, akaitia ndani ya beseni, akatafuta sabuni.